Tembo wa Ruaha walizaaje maradufu kwa mwaka mmoja?

*"Mtaalamu, salaam. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, katika eneo la jumuiya linalopakana na Hifadhi ya Taifa Ruaha. Kwenye semina tulionyeshwa hesabu za tembo wa Ruaha na Rungwa: mwaka 2013 walikuwa 20,090, mwaka 2014 wakawa 8,272, mwaka 2015 wakawa 15,836. Mwenyekiti mmoja akasimama akauliza ni tembo gani hao wanaozaa kama panya. Watu wakacheka, na mtoa mada hakujibu. Huku kwetu wazee wanasema tembo hawajawahi kuwa wengi kama sasa, maana kila msimu wanamaliza mahindi. Je, hizo hesabu ni za kweli au ni za mezani? Wanahesabuje? Na sisi tunaotembea porini kila siku, tunaweza kuhesabu wanyama na ndege wetu wenyewe na hesabu yetu ikakubalika? Wengine wanashauri tuhesabu nyayo kwenye maji, wengine wanasema tununue droni."*

Ndugu yangu, swali la mwenyekiti lilistahili kujibiwa pale pale ukumbini. Wasiwasi wako naupata hivi: ikiwa tembo wanaweza kupungua kwa karibu elfu kumi na mbili ndani ya mwaka mmoja, kisha mwaka unaofuata wakarudi zaidi ya elfu saba, basi kuna mtu anatunga. Na kama kuna anayetunga, ninyi mnaolala nje mkilinda mpaka mtaamini vipi takwimu nyingine inayoletwa kijijini, iwe ya kitalu cha uwindaji au ya kifuta jasho, yale malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama? Swali hilo linagusa imani kati ya wanakijiji na wahifadhi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Tuanze na lisilo na ubishi. Tembo hawakuzaa maradufu. Jike hubeba mimba miezi 22, na akishazaa hukaa miaka minne au mitano hivi ndipo azae tena. Hata mvua zikiwa njema na majangili wakitoweka kabisa, idadi ya tembo haipandi kwa zaidi ya asilimia 7 hivi kwa mwaka. Chukua hao 8,272, waongezee asilimia 7, utapata kama 8,850. Haifiki hata elfu tisa. Kushuka nako kuna mashaka yake. Tembo elfu kumi na mbili wakifa ndani ya miezi kumi na miwili, mizoga yao haifichiki. Mifupa ya tembo hukaa porini miaka mingi, na ukiwa angani unaiona ikimeta nyeupe juani. Ndiyo maana wahesabuji wa angani huandika mizoga pamoja na walio hai. Mwenyekiti alikuwa sahihi kabisa kwamba jambo hilo haliwezekani kibaiolojia. Alichokosa kuambiwa ni kwamba tarakimu zile tatu hazikuwa idadi ya tembo. Zilikuwa makadirio, na kila moja ilikuja na kiasi chake cha shaka ambacho mtoa mada hakukionyesha. Hilo ndilo kosa ninalolilaumu zaidi, kwa sababu ripoti zenyewe huwa zimekiandika.

Sasa, wanahesabuje?

Mfumo wa ikolojia wa Ruaha na Rungwa, yaani hifadhi hiyo pamoja na pori la akiba la Rungwa na maeneo jirani, una ukubwa wa takribani kilomita za mraba 50,000, karibu mara mbili ya nchi ya Rwanda. Hakuna mtu wala jeshi la watu linaloweza kumwona kila tembo humo. Kinachofanyika ni kuruka kwa ndege ndogo yenye mabawa juu, katika mistari sambamba inayopishana kwa kilomita kadhaa. Ndani mna watu wanne. Rubani anashika mstari na kimo, kwa kawaida mita 100 na ushei kutoka ardhini. Anayekaa pembeni yake anasoma kimo hicho kila baada ya muda mfupi na kuandika. Nyuma wamekaa wahesabuji wawili, mmoja dirisha la kushoto, mmoja la kulia. Nje, kwenye nguzo inayoshikilia bawa, zimefungwa fimbo mbili kila upande. Mhesabuji akitazama katikati ya zile fimbo, anaona ukanda wa ardhi wenye upana uliopimwa kabla ya kazi kuanza, tuseme mita 150. Mnyama aliye ndani ya ukanda anahesabiwa. Aliye nje, hata awe tembo dume mwenye meno ya kugusa ardhi, anaachwa.

Watu wengi huduwaa wakisikia hivyo, lakini uaminifu wa kazi nzima uko hapo hapo. Mita 150 kushoto na mita 150 kulia ni mita 300. Mistari ikipishana kwa kilomita 5, maana yake mmeangalia mita 300 katika kila mita 5,000, yaani asilimia 6 ya ardhi. Kila tembo aliyeonekana anasimama kwa niaba ya tembo 17 hivi. Mhesabuji akiingiwa na huruma akamwongeza mmoja aliyekuwa nje kidogo ya fimbo, ameongeza 17 kwenye ripoti. Ndege nayo ikipanda juu bila kuandikwa, ukanda unapanuka na hesabu yote inavimba. Mimi nimekaa kiti kile cha nyuma, na nakuhakikishia kazi yake ni ngumu: jua linachoma, ndege inarushwarushwa na upepo wa mchana, mnyama unamwona kwa sekunde chache tu, na bado unatakiwa kutamka aina na idadi kwenye kinasa sauti. Makundi makubwa hupigwa picha, yakahesabiwa baadaye mezani kwa utulivu. Ni meza ya halali kabisa hiyo.

Njia hii ilipikwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakapata nyumbu 99,481. Michael alifariki Januari 1959, ndege ile ilipogongana na tumbusi. Waliofuata walirekebisha mbinu, na mwaka 1969 mtakwimu G. M. Jolly akachapisha katika jarida la Afrika Mashariki fomula ambayo wahesabuji wa angani wanaitumia hadi leo. Fomula hiyo hufanya mambo mawili. Kwanza inazidisha msongamano wa wanyama mlioona kwa eneo lote. Pili, na hili ndilo lililokosekana katika semina yenu, inapima jinsi mistari inavyotofautiana yenyewe kwa yenyewe, na kutokana na tofauti hizo inakwambia kadirio lako linaweza kuyumba kiasi gani. Kipimo hicho tunakiita kosa sanifu. Kukiita kosa kunawapotosha watu, kwani hakuna aliyekosea. Ni kiasi ambacho bahati pekee ingeweza kuisogeza hesabu juu au chini kama mngeruka tena kesho yake kwa mistari iliyosogezwa kidogo.

Kwa tembo bahati hiyo ni kubwa, kwa sababu tembo hawatawanyiki kama swala. Wanakwenda kwa familia, na familia hukusanyika penye maji. Fikiria umeambiwa ukadirie watu wa mji Ijumaa saa saba mchana kwa kupita mtaa mmoja katika kila mitaa 17. Ukiangukia mtaa wenye msikiti, mji utauona umefurika. Ukiukosa, utasema watu wamehama. Watu ni wale wale. Vivyo hivyo, tembo 60 wakiwa wamesimama ndani ya ukanda wanaongeza elfu moja kwenye kadirio. Wakiwa wamesimama mita 200 pembeni, wanaongeza sifuri.

Tukirudi kwenye Ruaha na Rungwa, kadirio la 2014 lilikuwa 8,272 likiwa na kosa sanifu la zaidi kidogo ya 1,600. La 2015 lilikuwa 15,836, na kosa lake lilikuwa kubwa mno, zaidi ya 4,700, dalili kwamba safari hiyo tembo walikutwa kwa mafungu makubwa katika mistari michache. Kanuni ya haraka ni hii: zidisha kosa sanifu kwa mbili, toa na jumlisha. Kwa 2014 unapata tembo kati ya 5,000 na 11,500 hivi. Kwa 2015 unapata kati ya 6,400 na 25,000 hivi. Masafa hayo mawili yanakutana. Idadi halisi ingeweza kuwa elfu tisa au elfu kumi na moja katika miaka yote miwili, na ndege zile zile zikaleta majibu yale yale. Kwa lugha ya kitakwimu, hakuna ushahidi wa kutosha kwamba tembo waliongezeka. Aliyesimama ukumbini angetakiwa kusema hivyo tu.

Kushuka kutoka 20,090 hadi 8,272 ni habari nyingine, na hapo siwezi kusingizia bahati ya mistari peke yake. Ukifanya hesabu ile ile, pengo hilo linazidi kinachoweza kuelezwa na sampuli. Nje ya vifo, yako mambo mawili ya kuyatazama. Moja ni kuhama: mpaka wa eneo la sensa umechorwa na watu, na tembo akivuka kwenda upande wa pili siku ya kuhesabu, kwenye ripoti hayupo. La pili ni kuonekana. Wewe unayajua miombo ya kwenu. Mwishoni mwa kiangazi, wiki kadhaa kabla ya mvua, miti inatoa majani mapya mekundu na ya kijani kibichi kabla hata tone halijaanguka. Ukihesabu kabla ya majani hayo unaona hadi chini. Ukichelewa kidogo, tembo anasimama kivulini na ndege inampita. Kwa kawaida hesabu ya angani huwa pungufu kuliko ukweli, na upungufu huo haulingani kila mwaka. Ndiyo maana timu nzuri siku hizi huweka wahesabuji wawili upande mmoja bila kuambizana. Wanyama walioonwa na mmoja tu, wakilinganishwa na walioonwa na wote wawili, hukuwezesha kukadiria hata wale ambao hakuna aliyewaona.

Basi tuamini nini? Mimi huangalia mfululizo wa miaka, sikazii macho mwaka mmoja. Mwaka 2009 kadirio la Ruaha na Rungwa lilikuwa zaidi ya tembo 30,000. Hesabu tatu zilizofuata, 2013, 2014 na 2015, pamoja na kuyumba kwake kote, zote ziliangukia chini sana ya hapo. Kwa hiyo tembo walipungua kweli, na walipungua vibaya. Selous, pori kubwa la kusini-mashariki mwa nchi, inaonyesha jambo hilo kwa uwazi zaidi: kama 109,000 mwaka 1976, karibu 70,000 mwaka 2006, karibu 39,000 mwaka 2009, na 13,084 mwaka 2013. Hakuna kosa sanifu linaloweza kufuta mteremko kama huo. Kwa Tanzania nzima, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ilikadiria tembo zaidi ya 109,000 mwaka 2009, na kwa sensa ya mwaka 2014 kadirio lililotangazwa likawa 43,330. Nchi iliyotangaza tarakimu inayoiaibisha kiasi hicho mbele ya dunia haikuwa inapika hesabu ili ionekane nzuri. Huo ni mtazamo wangu, na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Sasa wazee wenu na mahindi. Siwezi kuwaambia hawaoni wanachokiona. Tembo wanaingia mashambani zaidi, ni kweli. Lakini kinachopimwa shambani ni mara ngapi watu na tembo wanakutana, na hilo hupanda kwa sababu nyingi zisizohitaji tembo hata mmoja wa ziada. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi, kwa hiyo wanyama wanabanana kwenye madimbwi machache na mengine yako upande wenu. Mashamba yamesogea hadi kwenye shoroba walizopita mama zao na bibi zao. Na tembo anayewindwa hujifunza kukaa karibu na mahali anapojiona salama, hata kama mahali hapo pana mahindi ya mtu. Familia kumi zile zile zikija mara tatu kwa wiki badala ya mara moja kwa mwezi, kila mtu kijijini ataapa kwamba tembo wameongezeka. Kwa hiyo mzee na mtaalamu wanaweza wote kuwa wakweli. Ombi langu ni kwamba matukio ya uharibifu myaandike kivyake, kwa tarehe, shamba na ekari, kwa sababu ndiyo yanayobeba haki yenu ya kifuta jasho. Msiyageuze kuwa idadi ya tembo.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Ndiyo, mnaweza kuhesabu, na mkifanya kwa nidhamu hesabu yenu itakuwa na kitu ambacho ndege inayopita mara moja kwa miaka kadhaa haina: inaweza kurudiwa kila mwaka, tena na watu wale wale.

Kabla ya kununua chochote, amueni mnataka kujua nini. "Tuna wanyama wangapi" ni swali la gharama kubwa. "Je, swala pala wetu wanaongezeka au wanapungua" ni rahisi zaidi, na mara nyingi ndilo linalowafaa. La pili halihitaji idadi kamili. Linahitaji kipimo kisichobadilika: njia zile zile, mwezi ule ule, saa zile zile, kasi ile ile, idadi ile ile ya watazamaji. Hata doria zenu za kawaida zinaweza kutoa kipimo hicho, ilimradi mwandike kilomita mlizotembea. Makundi 12 katika kilomita 40 na makundi 12 katika kilomita 120 ni habari mbili tofauti kabisa, lakini daftari lisilo na kilomita linazifanya zifanane. Na siku msiyoona kitu iandikwe sifuri. Nimeshaona madaftari yaliyojaa siku nzuri tu, kwa sababu askari waliona aibu kuandika patupu. Daftari la namna hiyo halisemi lolote.

Mkitaka kufika kwenye idadi, njia ninayoipendekeza kwa wanyama wa mchana kama swala pala, twiga, ngiri na pundamilia ni ya mistari na umbali. Mnachora mistari iliyonyooka kwenye ramani bila kujali wapi kuna wanyama, kisha mnaitembea alfajiri. Kila mkiona kundi, mnaandika idadi yake na umbali wake wa pembemraba kutoka kwenye mstari, yaani ule mfupi kabisa usio wa mshazari, pale lilipokuwa kabla halijawakimbia. Siri iko hapo. Wanyama walio karibu na mstari mnawaona wote. Kadiri wanavyokuwa mbali ndivyo wanavyowaponyoka. Mkichora grafu ya umbali mtaona namna makundi yanavyopungua kadiri mnavyokwenda mbali, na upungufu huo wenyewe unawaambia mliwakosa wangapi. Tuseme mmetembea jumla ya kilomita 60 mkaona makundi 72, na grafu ikaonyesha kwamba kwa hakika mlikuwa mnafagia mita 80 kila upande. Eneo mlilolifagia ni kilomita 60 mara 0.16, yaani kilomita za mraba 9.6. Makundi 72 gawanya kwa 9.6 ni makundi 7.5 kwa kila kilomita ya mraba. Kila kundi likiwa na wastani wa swala 4, ni swala 30. Mtahitaji makundi 60 hadi 80 hivi kwa kila aina ili grafu isimame imara, kwa hiyo msitarajie njia hii iwafae kwa palahala au mbwa mwitu. Na msithubutu kuzidisha hizo 30 kwa eneo lenu lote kama mistari yote mliiweka kando ya mto. Wengi wanaharibikiwa hapo.

Nyayo kwenye maji hapana, angalau kwa idadi. Nyayo zinakwambia nani alipita, na wakati mwingine lini. Haziwezi kukwambia kama ni tembo mmoja aliyekuja mara nne au wanne waliokuja mara moja. India ilijifunza hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi walihesabu chui milia kwa kutambua nyayo za mmoja mmoja, na kwa hesabu hiyo hifadhi ya Sariska ilidhaniwa ina chui milia wa kutosha, hadi ilipobainika mwanzoni mwa 2005 kwamba hakubaki hata mmoja. Baada ya hapo wakageukia kamera.

Kamera za kujipiga zenyewe ni nzuri kwa wanyama wa usiku na wenye alama za mwilini. Madoa ya chui hayafanani, ya mmoja na mwingine, na milia ya pundamilia vilevile. Mantiki yake ni nyepesi: wiki za kwanza mmewatambua chui 20, wiki zilizofuata mmewapiga picha chui 25, na kati yao 10 ni wale wa mwanzo. Kwa kuwa wale mliokwisha kuwajua ni 10 kati ya 25, basi hao 20 wa kwanza ni sehemu hiyo hiyo ya wote, na wote ni 50 hivi. Tarakimu hizo nimezichagua ziwe rahisi. Eneo la jumuiya moja halina chui wengi hivyo. Kamera pia huona tusichotarajia. Mwaka 2005, katika misitu ya Udzungwa, kamera ilimpiga picha sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa aina ambayo sayansi haikuwa imeijua kabisa. Tatizo ni gharama, wizi, na tembo, ambao wana tabia ya kung'oa kamera na kuitupa.

Droni msinunue kwa sasa. Inahitaji vibali, betri yake inakufa mapema, na tembo wakiisikia wanakimbia, pengine kuelekea watu walipo. Kwa fedha hizo hizo nunueni darubini mbili nzuri na kifaa cha kupimia umbali. Kama kuna kazi moja ambayo ningeikubali droni, ni viboko waliobanana kwenye madimbwi ya kiangazi, na hata hao mnaweza kuwahesabu mkiwa ukingoni, mara tatu kwa kila dimbwi mkachukua hesabu ya juu, maana daima wengine wamezama.

Ndege umewataja kwa kupita tu, lakini kwa jumuiya ndogo ndio pa kuanzia. Hamhitaji bunduki ya kuwalinda mkiwahesabu, na wanapatikana kila mahali. Chagueni vituo, tuseme 20, vilivyopishana kwa mita 300 au zaidi. Fikeni alfajiri, mnyamaze dakika mbili ndege watulie, kisha kwa dakika 10 andikeni kila ndege mliyemwona au kumsikia, na umbali wa kukadiria. Sauti ni nusu ya kazi. Kwale utamsikia asubuhi nyingi kabla ya kumwona. Huko Udzungwa mwaka 1991 watafiti walimgundua kwale asiyejulikana na sayansi kwa sababu ya miguu miwili ya ajabu waliyoiona ndani ya chungu cha mboga kambini. Alikuwepo siku zote, na wenyeji walikuwa wakimla. Ndege wa majini huhesabiwa kila Januari barani kote, na bwawa lenu linaweza kuingia katika hesabu hiyo. Ila kama ningekuwa na nafasi ya kuwachagulia aina moja tu, ningesema tumbusi. Wanauawa kwa sumu inayowekwa kwenye mizoga, na kuhesabu tumbusi kando ya barabara moja ile ile kila mwaka kutawaambia mapema kuliko kitu kingine kwamba kuna mtu anatega sumu. Kwelea kwelea waacheni. Hao ni kwa malaki, na wana wataalamu wao wa kilimo.

Yapo mambo ambayo sitaki myafanye kwa kusoma jibu langu peke yake. Kuchora mistari, kuamua idadi yake, na uchambuzi wa mwaka wa kwanza vinahitaji mtu aje akae nanyi, kwa sababu mistari mibaya haitibiwi na fomula yoyote baadaye. TAWIRI wana wataalamu wa kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na chuo cha wanyamapori cha Mweka wana wanafunzi wanaotafuta eneo la utafiti, na mara nyingi hao ndio wanaopatikana kwa urahisi. Mkikusudia kuchapisha matokeo au kuyatumia kuomba mgawo wa uwindaji, vibali vya utafiti vifuatwe kwanza. Kutembea mstari kwenye nyati na tembo kufanyike na askari mwenye silaha na mafunzo, na mstari ukikatwa na kundi lenye ndama mnauacha hapo hapo. Mstari uliokatizwa unaandikwa hivyo na hauharibu kazi. Na kama tembo wako shambani usiku, hilo ni suala la kumpigia afisa wanyamapori wa wilaya. Msiende kuwahesabu.

Barua ya kuomba mtaalamu iandikwe na jumuiya yenyewe, ipitie kwa afisa huyo, na muambatanishe ramani ya eneo na nakala ya kurasa za doria za mwaka uliopita, hata kama zina mapengo. Ifike kabla ya Juni. Nyasi zikishaanza kulala na kabla moto haujapita, mtaweza kuitembea mistari yote mara moja kwa majaribio, na kuhamisha ile isiyopitika kabla ya hesabu ya kwanza.